Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama Chetu cha Mbio, Mwaka 2025: Mbio za Mabinti Wetu na Pesa za Vikwembe

Wamama, wababa, na ninyi vijana wetu,

Ya kawaida mnayajua. Mazoezi ya Jumanne na Ijumaa yaliendelea, isipokuwa majuma mawili ya mvua kubwa. Tulisafisha uwanja mwezi wa Juni. Tulichangia matanga matatu. Daftari la mweka hazina liko mezani, anayetaka alikague.

Niingie kwenye neno lililotugawa. Hapa Lubumbashi, toka mtaa wa Katuba hadi Ruashi, imesemwa kwamba mama mwenyekiti, yaani mimi, amekula pesa za vikwembe, vile vitenge vya Siku ya Wanawake, tarehe 8 Machi. Pesa hizo zilikuwa dola 410. Tulinunua jozi sita za viatu vya misumari vya mitumba kwa dola 150, na saa mbili za kupimia mbio kwa dola 40. Chokaa, kamba na mlinzi wa uwanja vilichukua 95. Televisheni ya kukodi na mafuta ya jenereta, 35. Zimebaki 90 kwenye sanduku. Sijachukua hata franka moja, na nauli ya kwenda kutafuta viatu hivyo sokoni niliilipa mwenyewe, mara nne.

Wengine wanasema hatukufika watu wa kutosha kuamua pesa za vikwembe ziende kwenye mbio. Ni kweli, Januari tulikuwa 14 kati ya wanachama 64. Lakini ule ulikuwa mwito wa pili, na ibara ya 12 ya katiba yetu inasema wazi kwamba kwenye mwito wa pili waliofika wanatosha. Aliyebaki nyumbani siku ile aliachia wengine neno lake.

Kwa nini viatu na chokaa? Kwa sababu mabinti wetu walizoea mbio za barabarani za bahasha, zile za kugombea pesa kwenye bahasha, ambako hakuna anayejua amekimbia kwa kasi gani. Machi tulipima mita 400 kwa kamba, tukachora njia, tukawajaribu mizunguko 25, yaani mita 10,000. Binti mmoja wa Katuba alimaliza mzunguko wa kwanza kwa sekunde 75. Watu walipiga vigelegele. Mzunguko wa tisa alikuwa anatembea, mikono kiunoni, anatafuta maji.

Ndiyo maana Jumamosi ya Septemba 13 niliwaita wote kuangalia fainali ya mita 10,000 ya wanawake, mashindano ya dunia ya Tokyo. Beatrice Chebet wa Kenya alishinda kwa dakika 30 na sekunde 37.61. Gawanyeni kwa 25: ni sekunde 73 na nusu hivi kila mzunguko. Yule binti wetu alianza karibu na mwendo wa bingwa wa dunia, bila kujua! Nyuma ya Chebet, kwa sekunde 0.62 tu, alikuwa Nadia Battocletti wa Italia. Paris mwaka 2024, hao hao wawili walitenganishwa na sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kwa hiyo wanaoniambia hizi ni mbio za Wakenya na Wahabeshi peke yao, wamtazame huyo Mwitalia. Chebet huyo huyo alikimbia 28:54.14 kule Eugene, Mei 2024, mwanamke wa kwanza kushuka chini ya dakika 29. Lakini kule walikuwepo wakimbiaji wa kumvutia mwendo, wanaotangulia mbele kushika kasi. Kwenye fainali hakuna wa kukuvutia: watu wanaviziana, na mzunguko wa mwisho ndio unaoamua. Hilo halifundishwi barabarani.

Novemba tulirudia jaribio. Mama mmoja aliketi mstarini na sahani yenye punje 25 za mahindi, anaondoa moja kila binti wa Katuba akipita. Safari hii alishika sekunde 99, 100, 99, mzunguko baada ya mzunguko, akamaliza kwa dakika 41 na sekunde 20. Mabinti walianza 11, wakamaliza 7. Machi hakumaliza hata mmoja. Mimi nilisimama pale na saa mkononi, na machozi yalinitoka, sioni aibu kulisema.

Wanaolalamika zaidi hawakuwepo siku hiyo. Mkutano wa Desemba tulikuwa 19. Mchango ni dola 2 kwa mwezi, na waliokamilisha mwaka ni 23 tu. Wengine hawajalipa tangu Pasaka, na hao hao ndio wanaouliza vikwembe viko wapi. Inaniuma.

Mwaka ujao, Mungu akitujalia, tunatamani kuwapeleka mabinti wawili au watatu kwenye mashindano nje ya mji, na kupata mfadhili. Vikwembe pia tutavifikiria, michango ikiingia.

Jozi moja ya viatu, namba 38, haijarudi tangu Novemba. Aliye nayo aipeleke kwa mweka hazina kabla ya Ijumaa, binti wa Katuba anakimbia peku.