Kunyoa kipara si msiba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili nizungumzie jambo ambalo wanaume wengi wa jiji hili tunaishi nalo bila kulitaja hata mbele ya wake zetu, nalo ni kupoteza nywele na kuogopa kuzinyoa chache zilizobaki. Nina umri wa miaka 41, nimeajiriwa kama mhasibu katikati ya jiji, na ninaishi Kigamboni. Kwa miaka 6 sikuonekana kichwa wazi mahali popote isipokuwa chumbani kwangu. Nilivaa kapelo njiani, nikavaa barakashia harusini na misibani, na wageni walipobisha hodi nyumbani niliitafuta kofia kabla ya kuitikia karibu.

Nywele zilianza kurudi nyuma juu ya paji la uso, kushoto na kulia, nilipokuwa na miaka 29. Baadaye utosi nao ukapungukiwa, hadi pakabaki ukanda unaotoka sikio moja, ukazunguka kisogoni, na kuishia sikio la pili. Kinyozi wangu wa siku hizo, kijana mpole asiyetaka kuniudhi, alikuwa akinipaka rangi nyeusi kwenye ngozi ili mpaka wa nywele uonekane uko pale ulipokuwa zamani. Rangi hiyo ilidumu siku tatu au nne. Mwezi wa Februari, joto linapokuwa kali, jasho liliishusha hadi kwenye kola ya shati, nami nikazoea kutembea na leso nyeusi mfukoni. Ninayaeleza haya kwa sababu ninaamini wapo wanaume watakaoisoma barua hii wakiwa na leso kama ile.

Nilipokwenda hatimaye kumwona daktari wa ngozi, alinieleza jambo ambalo ningependa kila kijana alijue mapema. Upara wa namna yangu hausababishwi na kofia, wala wembe, wala maji ya chumvi ya visima vyetu, wala mawazo mengi. Mwili hubadili sehemu ya homoni ya testosteroni kuwa homoni nyingine iitwayo dihaidrotestosteroni, na kwa mtu aliyerithi hali hiyo, homoni hii huyadhoofisha mashina ya nywele za mbele na za utosini, yakawa yanatoa unywele mwembamba zaidi na mfupi zaidi kila mara hadi yasitoe kitu cha kuonekana. Mashina ya kisogoni na ya pembeni huistahimili, ndiyo maana ule ukanda hubaki. Urithi wenyewe hutoka kwa mama na kwa baba pia, kwa hiyo wale wanaomtazama mjomba peke yake wanatazama nusu ya ukoo.

Dawa zipo, na simkatazi mtu. Minoksidili ya kupaka iliidhinishwa nchini Marekani kwa ajili ya nywele mwaka 1988, baada ya kuonekana kwamba wagonjwa waliokuwa wakiimeza kutibu shinikizo la damu waliota nywele, na vidonge vya finasteridi kwa wanaume vikafuata mwaka 1997. Zote mbili humfaa zaidi anayewahi, na zote zinataka mtu azitumie bila kukatiza, kwa kuwa akiacha, kile alichokipata huondoka ndani ya miezi kadhaa. Nilitumia minoksidili kwa miezi 10, nikaona vinywele vyepesi utosini, kisha ada za shule zikanibana na sikuweza kuendelea. Kinachonisikitisha zaidi ni fedha nilizokwishapoteza kabla ya hapo kwa michanganyiko niliyoagiza kupitia namba za simu zilizobandikwa kwenye nguzo za umeme, chupa zisizo na jina la kiwanda wala usajili wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Mojawapo iliniunguza ngozi hadi nikashindwa kulalia upande wa kulia kwa wiki nzima.

Kilichonibadili kilitokea kwenye kivuko. Ulikuwa mwezi wa Julai, upepo wa kusi ukivuma, nami nimesimama ubavuni mwa kivuko kutoka Kigamboni kwenda Magogoni saa moja asubuhi, nimebanwa kati ya watu, baiskeli na ndoo. Upepo uliinyakua kapelo yangu na kuitupa baharini. Papo hapo nikaweka mikono yote miwili kichwani, nikabaki hivyo. Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa kando yangu alinitazama kwa huruma, akaniuliza, "Baba, umefiwa?" Kila aliyekulia pwani hii anajua kwa nini aliuliza, kwa sababu tangu utotoni tunakatazwa kuweka mikono kichwani, huo ukiwa mkao wa mtu anayelia msiba. Nikamjibu kwamba sijafiwa. Akasema, "Basi shusha mikono, mwanangu, usijichurie." Nikaishusha. Nilibaki kichwa wazi mbele ya mamia ya watu hadi tulipofika ng'ambo, na ninakumbuka vizuri kwamba baada ya dakika mbili hakuna aliyekuwa akinitazama. Macho yote yalikuwa kwenye lango la kivuko, kila mmoja akiwaza daladala yake.

Kwa miaka 6 nilikuwa nimesubiri ujasiri uje kwanza ndipo ninyoe, nao haukuja, kwa sababu kila siku niliyojificha iliniongezea kitu kingine cha kuficha. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nami nimeuelewa usemi huo kwa undani zaidi kuliko nilivyofundishwa darasani. Ijumaa ya wiki ileile nilikwenda kwa kinyozi mwingine, karibu na nyumbani, nikamwambia anyoe zote. Aliniuliza mara mbili, "Zote, kaka?" Nilipoitikia mara ya pili alianza kazi, na ikamchukua dakika zisizozidi 15. Nililoliona kwanza kwenye kioo ni kovu dogo juu ya sikio la kushoto, nililolipata nilipoanguka kutoka kwenye mwembe nikiwa na miaka tisa, nami nilikuwa nimekwisha kulisahau kabisa. Upepo wa feni ya saluni ulikuwa baridi kichwani kwa namna ambayo sikuwahi kuihisi. Nyumbani, mke wangu alinitazama kwa muda, akapitisha kiganja chake kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni, akaniambia kwamba amekuwa akitamani nifanye hivyo tangu mwaka wa pili, ila hakujua aniambie vipi bila kuniumiza. Kazini walioshangaa walishangaa siku ya Jumatatu, na kufikia Jumatano mazungumzo yalikuwa yamerudi kwenye hesabu za mwezi.

Aliyepata taabu ni mama yangu mzazi. Alikuja kutoka Muheza mwezi uliofuata, akasimama mlangoni akiwa na mzigo wake mkononi, akauliza ni nani aliyefariki ambaye hakupewa habari zake. Sikumlaumu, kwani katika makabila kadhaa ya nchi yetu ndugu wa karibu wa marehemu hunyolewa nywele, na kwa mtu wa umri wake kichwa cha mwanawe kilichonyolewa ghafla kina maana hiyo kabla ya nyingine yoyote. Tulikaa, nikamkumbusha kwamba wembe huohuo hupita vichwani mwetu siku za heri pia. Mtoto wa Kiislamu hunyolewa siku ya saba katika akika; hujaji hunyolewa Makka anapokamilisha ibada yake; wanafunzi wetu wengi na vijana wanaoingia Jeshi la Kujenga Taifa huanza safari yao wakiwa wamenyolewa. Katika desturi zote hizo, ile ya msiba ikiwamo, kichwa kilichonyolewa huwaeleza watu kwamba mwenyewe ametoka hatua moja na kuingia nyingine, na hakuna hata desturi moja kati ya hizo inayokihesabu kuwa aibu.

Aibu tumeiongeza sisi, kwa ndimi zetu. Watoto huanza na "kipara ngoto" mitaani, nasi wakubwa tunacheka badala ya kuwakanya, kisha tunayaendeleza maneno hayo ofisini na kwenye vikao vya harusi, ambako mwenzetu huitwa kwa kichwa chake mbele ya wakwe. Wapo hata wanaodhani wanasifu wanaposema kwamba upara ni dalili ya fedha. Mzaha mzaha hutumbuka usaha: mwezi Juni 2017 polisi wa jimbo la Zambezia nchini Msumbiji waliwaonya hadharani wanaume wenye upara wajihadhari, baada ya baadhi yao kuuawa na watu walioamini kwamba vichwa vya namna hiyo huleta utajiri. Sisi tuliowaona ndugu zetu wenye ualbino wakiwindwa kwa imani ya aina hiyohiyo hatuna haki ya kuyaona maneno haya kuwa mepesi. Nchini Uingereza, mwaka 2022, baraza la kazi liliamua kwamba kumtukana mwanaume kazini kwa kutumia upara wake ni unyanyasaji unaohusiana na jinsia yake, kwa kuwa upara huwapata wanaume zaidi. Sidai kwamba tufikishane mahakamani kwa kila neno. Ninaloomba ni kwamba mtu aitwe kwa jina lake.

Na ikiwa mwanaume anaumia hivi, hali ya mwanamke ni nzito zaidi, jambo ambalo sikulifikiria hadi binamu yangu aliponieleza yake. Misuko ya kubana aliyosukwa tangu utotoni ilikuwa imeziua nywele za mbele na za juu ya masikio, na alipoamua kunyoa zote aliulizwa na watu watatu kwa siku moja kama anaumwa. Kwa anayeumwa kweli swali hilo ni mzigo juu ya mzigo. Wapo dada na mama zetu wanaopata dawa za saratani katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, na kwa dawa nyingi za aina hiyo nywele huanza kunyonyoka wiki mbili au tatu baada ya dozi ya kwanza, ingawa kwa walio wengi huota tena miezi michache baada ya matibabu kumalizika. Kunyoa mapema, kabla hazijabaki kwenye mto kila asubuhi, humpa mgonjwa kitu kimoja alichokiamua yeye mwenyewe katika kipindi ambacho mengi huamuliwa na wengine.

Kwa aliyekwisha kuamua, yapo machache niliyojifunza. Nywele zikinyonyoka kwa ghafla, au kwa mabaka ya mviringo, au ngozi ikiwasha na kutoa magamba, aende kwanza hospitali, kwa kuwa hayo huweza kuwa mapunye au ugonjwa mwingine unaotibika, na wembe utaongeza madhara. Asikubali wembe uliokwisha kutumika kwa mtu mwingine, kwani virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Mimi nina mashine yangu, naibeba kwenye mfuko, na kinyozi wangu hajawahi kuliona hilo kuwa tusi. Wahenga waliposema ukiona mwenzako ananyolewa, wewe tia maji, walijua kwamba wembe haupiti salama kwenye kichwa kikavu: maji ya uvuguvugu hulainisha nywele, na kunyoa kwa kufuata zinakolala, bila kukwangua mpaka chini kabisa, hupunguza vile vipele vya kisogoni ambavyo kwa nywele zetu za kujikunja huingia ndani ya ngozi na mwishowe huacha makovu yaliyovimba. Jua nalo si la kupuuza. Jiji letu liko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, na kila mwaka, Machi na Oktoba, jua la mchana husimama juu ya utosi wetu. Ngozi iliyofunikwa kwa miaka mingi huungua upesi, hivyo wiki za kwanza nilipaka mafuta ya kukinga jua kila asubuhi. Kofia bado ninayo, na ninaivaa juani.

Kwako, Ndugu Mhariri, ninaomba gazeti liwape madaktari wa ngozi nafasi ya kuandika mara kwa mara juu ya nywele na ngozi ya kichwa, kwa sababu pale wanaponyamaza wao, nguzo za umeme ndizo zinazosema. Vinyozi nao ninawaomba wamwambie mteja ukweli kwa upole kabla ya kumpaka rangi, kwa kuwa wao ndio wanaouona utosi wake kabla yake mwenyewe.

Kijana mmoja wa ofisini kwetu, mwenye miaka 27, ambaye kwa mwaka mzima sasa hajaivua kofia yake, alinifuata wiki iliyopita wakati wa chakula cha mchana, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kunyoa kuliniuma. Nilimweleza kwamba kisogoni, wembe ukiwa butu, huuma kidogo. Tumekubaliana twende pamoja Jumamosi saa mbili asubuhi, kabla ya foleni, nami nitakaa kitini kwanza.

Wako msomaji,
Mhasibu,
Kigamboni, Dar es Salaam.