Vikao vya mkopo saa nne asubuhi, sie tulioajiriwa tufanyeje?

Mhariri naomba kanafasi kidogo. Mi ni mama wa watoto wawili, nimeajiriwa, naishi Mbagala, na mwaka jana nikaanza kuuza maandazi maana mshahara ukiingia tarehe 25 ikifika tarehe 5 umeshakata. Naamka saa tisa usiku kukanda unga, saa kumi na moja na nusu mzigo uko kwenye ndoo ya mfuniko, dada anapeleka kwa mangi na kwenye genge la jirani, mi nakimbilia daladala mikono bado inanuka hamira. Kuamka sio shida jamani, shida ni siku mtoto akipata homa, unga unachacha, wateja wanahamia kwa mwingine na hela ya mtaji ndo inageuka ya dawa. Sa hivi hela ya unga naiweka kwenye laini nyingine ya simu, siigusi hata nililiwe vipi.

Kinachoniuma ni hii mikopo ya halmashauri, ile inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Haina riba, nzuri sana tu, ila lazima muwe kikundi, na vikao huku kwetu wanaita Jumanne saa nne asubuhi. Saa nne mi niko kazini, bosi nimuombe ruhusa mara ngapi? Wenzangu kikundini wameshanichoka, wananiita mgeni rasmi. Wekeni basi hata Jumamosi jioni, tutakuja na watoto mgongoni.

Mama Maandazi, Mbagala