Kwa vijana mnaokuja Mombasa kuanza atachimenti, yaani mafunzo ya kazini ya wanafunzi wa vyuo

Wanangu,

Ikifika Mei nawajua hata kabla hamjafungua mdomo. Mnasimama kivukoni Likoni na begi mgongoni, viatu vipya vinawabana, barua ya chuo imo ndani ya bahasha ya plastiki, na macho yenu yako kwenye ramani ya simu, ilhali kando yenu wamejaa watu ambao wangewaonyesha njia. Na mimi nilisimama papo hapo mwaka 1983, natoka Wundanyi, nina miaka 19.

Neno langu kwenu ni moja: ulizeni. Ulizeni mapema, msione haya.

Nilianzia kazi kwenye ofisi ya mawakala wa forodha karibu na bandari ya Kilindini. Siku ya tatu nikapewa rundo la hati, nikaambiwa nizipange kwa kufuata manifesti. Sikujua manifesti ni kitu gani. Nikaona haya kusema. Nikawa nachungulia mwenzangu anavyofanya, naiga, hadi nikachanganya hati za meli mbili. Mzigo wa mteja ukalala bandarini siku nne zaidi, na mzigo ukipitisha siku zake za bure, kila siku inayoongezeka hulipiwa. Mteja alikuja amefura. Karani mzee aliyekuwa akinisimamia alipokea maneno yote yale, hakunitaja. Jioni aliniita, akafungua manifesti, yaani orodha ya shehena ya meli, akapitisha kidole mstari kwa mstari: hapa jina la meli, hapa nambari ya hati ya shehena, hapa idadi ya mizigo, hapa mwenyewe. Tulimaliza kwa dakika kumi. Dakika hizo ningeziomba tangu siku ya kwanza, na mzee wa watu asingetukanwa kwa ajili yangu.

Basi kabla hamjaanza, ulizeni kama kuna malipo. Pengi hakuna, au ni nauli tu, na heri mzazi nyumbani aujue ukweli huo mapema kuliko ninyi kushinda njaa kimyakimya. Logibuku, daftari la chuo la kuandikia kazi za kila siku, ijazeni kila jioni. Msiandike "nilisaidia ofisini". Andikeni ulishika hati gani, mashine gani, ukakosea wapi. Ipelekeni isainiwe kila wiki, kwa sababu msimamizi naye huenda likizo au akahamishwa. Mkiona wiki mbili zimepita ni chai na fotokopi tu, mwendeeni kwa adabu mkamwambie mngependa kufundishwa kazi fulani. Itajeni kazi yenyewe.

Na mabinti zangu, atakayewaambia saini inapatikana hotelini baada ya saa za kazi, msimfuate. Piga simu chuoni siku hiyo hiyo, na mwambie mtu mzima unayemwamini. Aibu ni yake, si yako.

Chumba, tafuteni kwa kufuata kazi ilipo. Wengi hudanganywa na kodi nafuu. Mombasa mjini ni kisiwa na milango yake ni michache: kaskazini Daraja la Nyali, magharibi Makupa, kusini kivuko cha Likoni. Ukiwa na kazi Changamwe, magharibi, ukapanga Mtwapa, kaskazini, kila asubuhi utakatiza foleni zote za dunia, na nauli hupanda jioni na mvua ikinyesha. Angalieni Mikindani, Magongo, Chaani, karibu na Changamwe. Kabla hujatoa hela, fungua mfereji uonje maji. Kama ni ya chumvi, ni ya kisima, nayo ni ya kufulia na kuogea. Ya kunywa utanunua kwa mitungi, kwa hiyo iweke gharama hiyo kwenye hesabu ya kodi. Muulize mpangaji, usimuulize mwenye nyumba, mfereji hutoka siku ngapi kwa wiki.

Kivukoni msikimbie. Mwendaji kwa miguu halipi chochote, na feri nyingine inakuja. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe, kivuko jirani na Likoni, ilipinduka na abiria waliokuwa wakivuka kwenda mjini, wakafa watu 272. Ilikuwa imebeba kupita kiasi. Siku hiyo nilikuwa kazini. Mtaa wetu ulilia wiki nzima. Mkiona watu wanasukumana langoni, rudini nyuma. Kuchelewa ofisini kunaombewa radhi.

Chakula hakitawashinda. Asubuhi mahamri na mbaazi, ushibe mpaka saa saba. Upweke ndio utawasumbua, hasa Jumapili jioni, hata kwa aliyezoea bweni. Msijifungie chumbani na simu. Hapa kwetu mtu hupita barazani akaamkia, naye akajulikana. Mwambieni mzee "shikamoo" na msubiri "marahaba" yake, msiirushe huku mnatembea. Bawabu wa ofisini na mama anayepika chai muwaamkie kabla ya bosi. Mimi chumba changu cha kwanza, Majengo, nilitafutiwa na mama wa chai. Alikijua kabla hata hakijahamwa.

Mkishuka kwenye feri upande wa Likoni, mtawaona kina mama wa mihogo ya kukaanga. Waamkieni, kisha muulize njia.

Mama yenu wa Likoni