Anzeni na kitabu chenyewe, nukuu za kwenye simu hazitoshi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Watu wananiuliza sana, nataka kusoma falsafa ya Mashariki na mambo ya masufi, nianze na kitabu gani, na mi nikiwauliza washasoma nini naonyeshwa simu, sentensi moja juu ya picha ya machweo na jina la Rumi chini yake. Hapo roho inaniuma kwa kweli. Rumi alikuwa mwanachuoni wa Kiislamu, kafariki Konya mwaka 1273, Masnavi, utenzi wake mrefu, ni vitabu sita vilivyojaa visa na aya za Kurani, sasa ukimtoa Mungu humo ukabakiza mapenzi tu, umesoma nini? Fungua hata ule mwanzo wake tu, filimbi ya tete inalia kwa sababu imekatwa ikatengwa na matete wenzake, utaelewa anamlilia nani.

Kwa anayeanza kabisa mi nasema Tao Te Ching, kitabu cha hekima cha China ya kale. Sura 81, fupi fupi, unaweza kuimaliza jioni moja na hilo ndo kosa lenyewe. Soma sura moja kwa siku, na ukiweza shika tafsiri mbili kwa pamoja, maana Kichina cha kale kinabana maneno mno na kila mtafsiri inabidi achague, kwahiyo pale wanapopishana ndo pa kutulia.

Bhagavad Gita nayo, kitabu kitakatifu cha Wahindu, tafadhali msiruke sura ya kwanza. Wengi wanairuka, wanasema ni majina ya wapiganaji tu. Lakini ndo humo Arjuna, shujaa wa vita, anatazama upande wa pili anaona babu yake, walimu wake, ndugu zake, mwili unamtetemeka, anatupa upinde anakaa chini ndani ya gari la vita. Bila hapo, maneno yote ya Krishna, mungu anayemwendeshea gari hilo, kwenye sura 17 zinazofuata yatakuwa mawaidha ya kawaida tu.

Dhammapada, mafundisho ya Buddha kwa beti 423, hii weka karibu na kitanda, haina haja ya maelezo mengi.

Ila kama una nusu saa tu leo, tafuta Zhuangzi, kitabu kingine cha China ya kale, sura ya tatu. Kuna mpishi anamkata ng'ombe mbele ya bwana wake, anasema wapishi wa kawaida wanabadilisha kisu kila mwezi kwa kugongagonga mifupa, yeye chake kina miaka 19 na makali bado kama kimetoka kwenye kinoo sasa hivi, kwa sababu anapitisha kwenye nafasi zilizopo kati ya viungo. Halafu anaongeza, yaani hapa ndo napapenda mno, kwamba hata yeye akifika penye fundo gumu anaogopa, anakaza macho, mkono anaupeleka taratibu, mpaka nyama inaachia yenyewe kama bonge la udongo linavyodondoka chini.

Msomaji wenu wa siku nyingi