Barua ya malalamiko: viungo vya shafti visivyolingana na vipimo vilivyotangazwa

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja

YAH: VIUNGO VYA SHAFTI VYENYE TUNDU KUBWA KULIKO LILILOANDIKWA

Tafadhali husika na kichwa cha barua hapo juu.

Nilinunua kwenu viungo vya shafti vya alumini, yaani vipande vya kuunganisha shafti mbili ncha kwa ncha, pamoja na fimbo za kurefushia, kwa ajili ya amplifaya ninayoiunda mwenyewe. Kibandiko cha pakiti kinasema tundu ni milimita 6. Si kweli. Nimepima kwa kalipa ncha zote za kila kiungo na kupata milimita 6.35, yaani robo inchi. Hata asiye na kalipa atalibaini: biti ya drili ya milimita 6 ikiingizwa humo inacheza, ya robo inchi ndiyo inayokaa barabara.

Vipimo vyote viwili vinatumika kwenye shafti za potenshiometa (kifaa kinachozungushwa kupandisha na kushusha sauti), na ndiyo sababu fundi huagiza kwa kuamini maandishi ya muuzaji. Zangu ni za milimita 6. Fimbo mlizoniuzia nazo ni za milimita 6, tena zimenyooka na kung'arishwa vizuri, ila haziingiliani na viungo vyenu wenyewe.

Nilipolalamika, mhudumu wenu alinijibu nikaze skrubu zaidi kwa kuwa tofauti ni ndogo. Jibu hilo siwezi kulikubali. Kila ncha ina skrubu moja tu ya kubania, na ya ncha moja imetobolewa upande mkabala na ya ncha nyingine. Ukikaza, shafti ya potenshiometa inasukumwa upande huu na fimbo inasukumwa upande ule, hivyo mihimili yake, yaani mistari ya katikati, inapishana kwa milimita 0.35. Isitoshe, skrubu moja ndani ya tundu pana inaiacha fimbo iiname, na fimbo kadiri inavyokuwa ndefu ndivyo ncha yake inavyozidi kuyumba.

Mimi nimeiweka potenshiometa nyuma ya boksi, jirani na soketi za kuingizia sauti, ili nyaya za sauti ziwe fupi na zisipite karibu na transfoma zikaokota mvumo. Kwa hiyo fimbo inavuka boksi zima na kupita kwenye bushi (pete inayoishikilia fimbo) ya paneli ya mbele. Bushi ikiishika fimbo iliyopinda, kitufe cha sauti kinakuwa chepesi nusu ya mzunguko na kigumu nusu nyingine, na nguvu yote ya pembeni inaishia kwenye shingo ya potenshiometa, ambayo haikutengenezwa kuibeba. Potenshiometa nzuri italegea kabla ya wakati wake kwa sababu ya kipande kidogo cha alumini.

Tundu lingekuwa dogo ningelipanua kwa drili. Likishakuwa kubwa halina dawa, na kuzungushia karatasi ya alumini ni ubabaishaji.

Naomba mnibadilishie viungo hivi kwa vya milimita 6 vya kweli, au mnirudishie fedha zote pamoja na gharama za usafirishaji. Naomba pia mrekebishe maelezo ya bidhaa na kuwaarifu wengine walionunua. Viungo vya robo inchi vina wateja wake, basi viuzeni kwa kipimo chake.

Nimeambatanisha picha za vipimo na risiti. Nasubiri jibu lenu kwa maandishi.

Wenu mteja.