Ruzuku ya magari ya umeme: tumtazame pia anayetozwa

Ndugu Mhariri,

Kila panapozuka mjadala kuhusu magari ya umeme, hoja hurudi kwenye fedha za serikali. Wako wanaosema kwamba pasipo ruzuku hakuna mtu wa kawaida atakayeliacha gari la petroli, na wako wanaowajibu kwamba gari zuri hujiuza lenyewe, kwa hiyo ruzuku ni kuwagawia wenye uwezo fedha za walipa kodi. Naomba nafasi katika ukurasa wa wasomaji niseme kwamba kila upande una ushahidi wa kutosha wa kumbana mwenzake, na mabishano hayaishi kwa sababu wote wanaitazama fedha anayopewa mnunuzi wa gari la umeme na kuisahau kodi anayotozwa mnunuzi wa gari la mafuta. Kwa maoni yangu, mahali ambapo magari haya yameenea kweli, kodi hiyo ya pili ndiyo iliyofanya kazi kubwa.

Nianze na Norway, nchi inayotajwa na kila mtu na mara nyingi ikatajwa visivyo. Husemwa kwamba serikali yake iliwalipa wananchi wanunue magari ya umeme. Haikuwalipa. Mnunuzi wa gari jipya la petroli au dizeli nchini humo hutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 25, na juu yake kodi ya usajili ambayo hukokotolewa kwa uzito wa gari na kwa kiasi cha hewa chafu linachotoa. Gari la umeme lilisamehewa kodi ya usajili kwa muda mwaka 1990, msamaha huo ukafanywa wa kudumu mwaka 1996, mwaka uliofuata likaondolewa tozo za barabara, na mwaka 2001 likasamehewa pia kodi ya ongezeko la thamani. Matokeo yake yalionekana kwenye karatasi ya bei dukani. Volkswagen Golf, kwa mfano, iliwahi kuuzwa kwa toleo la petroli na toleo la umeme. Kiwandani toleo la umeme liligharimu zaidi, na Ujerumani mnunuzi aliiona tofauti hiyo waziwazi, lakini Norway, baada ya kodi zote kujumlishwa, toleo la umeme ndilo lililokuwa nafuu. Mnunuzi hakuhitaji kuyapenda mazingira ndipo achague; alihitaji kusoma mstari wa mwisho wa hesabu.

Habari ya tozo za barabara ina kituko chake, nami siwezi kuipita. Mwaka 1989 mwimbaji Morten Harket wa kundi la a-ha na mwanaharakati wa mazingira Frederic Hauge walikuwa wakipita kwenye vituo vya tozo na Fiat Panda iliyogeuzwa kuwa ya umeme, wakikataa kulipa. Faini zililimbikizana, gari likakamatwa na kupigwa mnada, nao wakalinunua tena. Miaka michache baadaye walichokuwa wakikidai kikawa sheria.

Hata hivyo Norway hiyohiyo inawapa hoja wanaosema kwamba gari lenyewe ndilo muhimu. Kwa takribani miaka 20 misamaha ilikuwapo na wanunuzi hawakuwapo, kwa sababu magari ya umeme ya wakati ule yalikuwa madogo, machache na yasiyokwenda mbali. Mambo yalianza kubadilika pale Nissan Leaf ilipoingia sokoni, ikafuatiwa na Tesla Model S. Mwaka 2020 magari ya umeme yalivuka nusu ya magari mapya yote yaliyouzwa nchini humo, na mwaka 2024 yalifikia karibu asilimia 89. Kwa lugha nyingine, msamaha wa kodi ulikaa miongo miwili ukilisubiri gari, na gari lilipofika lilikuta sheria zimekwisha kuzoeleka, wauzaji wanazijua na wananchi hawazitilii shaka. Sidhani kama ingewezekana kuyapata mauzo hayo kwa mpango wa mwaka mmoja au miwili.

Atakayesema kwamba Wanorway wangeyanunua tu kwa kuwa ni matajiri na umeme wao ni wa maporomoko ya maji, atazame Denmark. Nako ni nchi tajiri, nako kodi ya usajili ya magari ni kali mno, na magari ya umeme yalikuwa yamesamehewa hadi mwisho wa mwaka 2015. Serikali ilipoanza kuirudisha kodi hiyo kwa awamu mwaka 2016, mauzo yaliporomoka, ikabidi mpango wenyewe upunguzwe kasi. Nafuu ya kodi ilipoimarishwa tena miaka iliyofuata, mauzo yakapanda, na mwaka 2024 magari ya umeme yalivuka nusu ya magari mapya. Nchini Marekani, jimbo la Georgia lilikuwa likimpa mnunuzi nafuu ya kodi ya hadi dola 5,000. Lilipoifuta Julai 2015 na kuweka ada ya kila mwaka kwa wenye magari ya umeme, mauzo yalianguka mara moja. Kwa hiyo swali la kama vivutio vina nguvu limekwisha kujibiwa. Vina nguvu, na huonekana zaidi siku vinapoondolewa.

Lakini nguvu hiyo si ya aina moja, na hapa ndipo Ujerumani inapotufundisha zaidi. Mwaka 2016 serikali ilianza kutoa fedha taslimu kwa wanunuzi, na kufikia mwaka 2020 mnunuzi wa gari la umeme la bei ya kati aliweza kupata nafuu ya jumla ya euro 9,000, sehemu ikitoka serikalini na sehemu kwa mtengenezaji. Mauzo yalipaa, na gharama kwa hazina ikafika kama euro bilioni 10. Novemba 2023 Mahakama ya Katiba ikatengua uhamisho wa euro bilioni 60 uliokuwa ukitegemewa na mfuko wa serikali wa masuala ya tabianchi, ndio mfuko uliokuwa ukilipa ruzuku hiyo. Jumamosi ya tarehe 16 Desemba wizara ikatangaza kwamba maombi yatapokewa hadi siku inayofuata tu. Tatizo ni kwamba mtu hakuruhusiwa kuomba mpaka gari lake liwe limesajiliwa kwa jina lake. Aliyeagiza gari miezi kadhaa kabla, akalipa rubuni na kupanga mkopo wake kwa kuihesabu ruzuku ile, na gari lake likawa bado liko kiwandani au njiani, alijikuta mikono mitupu ndani ya saa ishirini na nne. Baadhi ya watengenezaji waliamua kuifidia fedha hiyo mifukoni mwao. Mwaka 2024 usajili wa magari ya umeme nchini humo ulipungua kwa zaidi ya robo.

Wengi wameisoma habari hii kama ushahidi kwamba Wajerumani walikuwa wakinunua ruzuku, hawanunui gari. Mimi naisoma tofauti kidogo. Mwaka 2025 mauzo yalirudi juu na kuvuka idadi ya mwaka 2023, ilhali ruzuku ile ya wanunuzi binafsi ilikuwa haijarudi. Kilichokuwa kimebadilika ni kwamba Umoja wa Ulaya ulikuwa umekaza kikomo cha hewa ya ukaa kwa magari mapya, watengenezaji wakawa na sababu ya kuleta magari ya bei nafuu na kuyasukuma sokoni, na nafuu ya kodi kwa magari ya kampuni ilikuwa ikiendelea. Mwaka 2024 ulikuwa mwaka wa watu kungoja, na nusu ya anguko lile, kwa maoni yangu, ilitokana na namna ruzuku ilivyokatwa kuliko kukatwa kwenyewe. Marekani imerudia jambo hilohilo kwa sura nyingine: nafuu ya kodi ya dola 7,500 ilipopangwa kukoma tarehe 30 Septemba 2025, watu walikimbilia madukani kabla ya tarehe hiyo, na mwezi uliofuata mauzo yakashuka ghafla. Sehemu ya kile kinachohesabiwa kuwa mafanikio ya ruzuku ni watu kubadilisha tarehe ya kununua.

Na sehemu nyingine ni watu ambao wangenunua hata bila kupewa. Watafiti Severin Borenstein na Lucas Davis walichunguza nafuu za kodi nchini Marekani wakakuta kwamba kwa upande wa magari ya umeme, takribani asilimia 90 ya nafuu hiyo ilikwenda kwa moja ya tano ya walipa kodi wenye kipato cha juu kabisa. Utafiti wa Jianwei Xing, Benjamin Leard na Shanjun Li ulikadiria kwamba asilimia 70 ya nafuu hizo zilipokewa na kaya ambazo zingenunua gari la umeme vyovyote vile. Wanaopinga ruzuku wana haki ya kuzishika takwimu hizi kwa mikono miwili. Sheria ya Marekani ya mwaka 2022 ilijaribu kurekebisha kasoro hiyo kwa kuweka ukomo wa kipato cha mnunuzi na wa bei ya gari, na kwa kuyaingiza magari yaliyotumika. Ufaransa ilikwenda mbali zaidi mwanzoni mwa 2024 kwa kuwapangishia magari ya umeme watu wa kipato cha chini kwa takribani euro 100 kwa mwezi. Maombi yalifurika, na mpango ukasimamishwa kwa mwaka huo baada ya wiki chache tu. Wahitaji walikuwapo, ila hazina ndiyo haikuwa na pumzi.

Hilo la pumzi ndilo linalonifanya niegemee upande wa kodi. Ruzuku ya fedha taslimu hujila yenyewe: kadiri inavyofanikiwa ndivyo inavyogharimu, na siku itakapokuwa imefanikiwa kabisa ndiyo siku ambayo hakuna waziri wa fedha atakayeweza kuitetea. Kodi juu ya gari linalochafua hewa, kinyume chake, huleta mapato wakati magari hayo bado ni mengi na hupungua yanapopungua. Ni kweli kwamba Norway nayo ilifika mahali ikaona mapato yanayeyuka, na kuanzia mwaka 2023 ikairudisha kodi ya ongezeko la thamani kwa sehemu ya bei inayozidi kroni 500,000. Lakini ilikuwa na kitu cha kupunguza polepole, na ilianza na magari ya kifahari. Sehemu ya magari ya umeme katika mauzo ya magari mapya iliendelea kupanda.

China hutajwa kama nchi ya ruzuku kuliko zote, na kwa kweli ilitumia fedha nyingi tangu mwaka 2009, nyingine zikaishia kwa wajanja. Mwaka 2016 Wizara ya Fedha ilitaja hadharani kampuni tano za magari zilizodai ruzuku kwa udanganyifu. Ila mkazi wa Shanghai anayetaka gari la petroli hulazimika kwanza kushinda mnada wa kibao cha namba, ambacho kwa miaka mingi kimegharimu makumi ya maelfu ya yuani, na wa Beijing huingia kwenye bahati nasibu ambayo wengi hawashindi. Ruzuku ya taifa ilikoma mwisho wa mwaka 2022. Julai 2024 magari ya umeme, pamoja na yale mseto ya kuchaji, yaani yenye injini ya petroli na betri inayochajiwa kwa waya, yalivuka nusu ya mauzo ya magari mapya ya abiria.

Hayo magari mseto yanastahili neno moja la ukali. Serikali kadhaa ziliyapa nafuu kubwa bila kuuliza kama yanachajiwa. Uingereza iligundulika kwamba baadhi ya magari hayo ya kampuni yalirudishwa baada ya miaka ya matumizi huku waya wa kuchajia ukiwa bado umo ndani ya mfuko wake wa plastiki. Yalikuwa yametumia petroli muda wote, na kodi ilikuwa imekwisha kusamehewa.

Nimebakiza vituo vya kuchajia, ambavyo wanasiasa huvipenda kidogo kwa kuwa havina mnunuzi wa kupiga naye picha. Utafiti mwingine alioshiriki Shanjun Li, kuhusu soko la Marekani la miaka ya 2011 hadi 2013, ulionyesha kwamba kiasi kilekile cha fedha kilichotolewa kwa wanunuzi kingekuwa na nguvu zaidi ya mara mbili katika kuongeza mauzo kama kingetumika kujenga vituo vya kuchajia. Hilo halishangazi. Mwenye nyumba yenye maegesho huchaji usiku amelala. Anayeishi ghorofa ya nne katika jengo la kupanga na kuegesha barabarani hawezi kusaidiwa na punguzo la bei lolote kama hana pa kuchomeka waya. Ethiopia, ambayo mwaka 2024 ilipiga marufuku uingizaji wa magari binafsi ya petroli na dizeli, imekwenda hatua ya mwisho kabisa ya hoja ninayoitetea hapa, na ugumu wake sasa hauko kwenye bei bali kwenye vituo, vipuri na mafundi.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Serikali yoyote itakapotangaza kivutio kipya, gazeti lako liwaulize wahusika kitakoma lini na kwa hatua zipi, mnunuzi aliyekwisha kuagiza atalindwaje, na mnunuzi wa gari la mafuta atalipa nini siku hiyohiyo. Kiasi cha ruzuku watakitaja wenyewe bila kuulizwa.

Wako,
Msomaji