Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi: Reli ya Kati inaokolewa Mpwapwa, si Kilosa

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zangu za heshima, na pole kwa majukumu.

Mimi ni fundi wa pampu za visima. Kazi hunipeleka vijiji vya kando ya Reli ya Kati, ile ya Dar es Salaam hadi Kigoma, na usafiri wangu ni treni, kwa sababu mabomba ya pampu si mzigo wa kusukumiwa kwenye buti la basi. Msimu huu wa mvua nilikuwa naelekea Nguruka. Kisima cha kijiji kimoja kule kimekufa na akina mama wamerudi kuchota maji ya dimbwi pamoja na ng'ombe. Treni iliishia Kilosa. Mbele yetu njia ilikuwa imekatwa na maji.

Vijana wa genge la kukarabati reli walirudi stesheni wamelowa hadi kifuani, matope mpaka kwenye nyusi. Mmoja wao alitoa simu akatuonyesha picha: reli zote mbili zinaning'inia, mataruma bado yamefungwa vizuri kabisa, na chini yake hakuna tuta, ni maji mekundu tu yanapita. Mama mmoja aliyekuwa anarudi Uvinza na wanawe wawili aliiangalia picha ile, kisha akafungua kitambaa alichofungia hela na kuanza kuhesabu. Alikuwa na nauli ya daraja la tatu na chakula cha njiani, basi. Ya kuunga mabasi hadi Uvinza hakuwa nayo.

Sina neno na wafanyakazi wa reli. Watu wanaoingia mtoni usiku kutafuta tuta lilipobomoka hawastahili lawama yangu. Ninachokuandikia ni kwamba wanatumwa kila mara kutibu jeraha mahali lisipoanzia.

Kipande kinachotusumbua kinajulikana: Kilosa, Kidete, Godegode, Gulwe. Wajerumani waliofika Kilosa mwaka 1909 na Dodoma mwaka 1910 waliipitisha reli kwenye bonde la mto, maana ndiko mlima unakopandika bila mwinuko mkali. Tangu hapo reli na mto vinagombania bonde moja jembamba. Mto Kinyasungwe unashuka kutoka upande wa Dodoma na Mpwapwa ukiwa umebeba mchanga wa vilima vilivyokatwa miti na mashamba yaliyolimwa hadi ukingoni. Ukifika bondeni kasi inapungua, mchanga unatua, sakafu ya mto inapanda. Mvua inayofuata, maji hayana pa kupita, yanahamia kwenye tuta la reli na kulichimba kwa chini. Ndiyo maana unaweza kujenga daraja refu leo, na baada ya misimu michache mchanga ukalikaribia.

Mafuriko ya mwisho wa Desemba 2009 na Januari 2010 yaliacha maelfu ya watu wa Kilosa bila makazi, na treni za abiria zikasimama kwa miezi. Baadaye wataalamu wa Japani kupitia JICA, shirika la maendeleo la nchi hiyo, walikuja kuchunguza kipande hiki hiki. Mwaka 2014 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 300 za mradi uliokarabati njia kutoka Dar es Salaam hadi Isaka, kilomita 970. Fedha hizo zimefanya kazi, na anayepanda treni anauona utofauti. Lakini mchanga wa Mpwapwa haujui kuna mradi, bado unashuka.

Hapa ndipo naomba nguvu yako, Mheshimiwa. Reli ni ya wizara yako, mto ni wa Wizara ya Maji, mashamba ni ya Kilimo, misitu ni ya Maliasili. Kila mmoja akisimama kwenye mpaka wake, tuta litaendelea kubomoka na wizara yako itaendelea kulipa bili ya kokoto. Kaeni meza moja na halmashauri za Mpwapwa na Kilosa, muwe na fungu moja la kutunza bonde lile: mabwawa ya kupunguza kasi ya maji, na la Kidete lipewe uzito wake, vizuizi vya mchanga kwenye korongo, miti ukingoni, na wakulima wa kando ya mto wapewe sababu ya kusogea inayolisha watoto wao. Amri peke yake haitoshi. Mtu hawezi kuacha shamba lenye rutuba kwa ajili ya treni inayompita bila kusimama.

Wakati hayo yanasubiriwa, kuna jambo linalowezekana mvua ijayo. SGR, reli mpya ya umeme, imeanza kubeba abiria hadi Dodoma tangu Julai 2024, na inakivuka kipande kile kwa njia yake yenyewe. Basi iwe kanuni iliyoandikwa: njia ya zamani ikikatika kati ya Kilosa na Gulwe, abiria wa Tabora, Mpanda na Kigoma avushwe kwa SGR hadi Dodoma kwa tiketi ile ile aliyokata, bila nyongeza, na treni ya bara imsubiri Dodoma. Mzigo wake nao uvushwe. Yule mama asingefungua kitambaa chake.

Na maji yanayotoka Mpwapwa hayafiki Kilosa kwa dakika moja. Wekeni vipimo vya kina cha mto huko juu, viunganishwe na stesheni, ili treni izuiwe Morogoro au Dodoma, mahali penye chakula, vyoo na njia mbadala, badala ya kuzuiwa porini na watoto ndani.

Nitashukuru kusikia majibu yako kwenye bajeti ya wizara, hasa kuhusu tiketi ya kuvuka kwa SGR, kabla mvua za Desemba hazijaanza kunyesha Mpwapwa.

Wako mtiifu,
Fundi wa pampu za visima, Morogoro